Mikumi bure kwa wazee: nani atalipia gari?

Mkazi wa Kihonda, Morogoro, akipanda basi la Iringa pale Msamvu, huenda akawaona tembo na twiga wa Mikumi bila kutoa hata senti, maana barabara kuu inakatiza hifadhini kwa takriban kilomita 50. Hesabu inaanza akitaka kuingia getini.

Kwa viwango vya miaka ya karibuni, raia mtu mzima hulipa Sh5,000. Ukiongeza VAT ni Sh5,900. Mtoto wa chini ya miaka 5 huingia bure, wa 5 hadi 15 ana nafuu. Akifika 16, basi. Bibi wa miaka 80 analipa sawa na mjukuu wake wa kidato cha nne.

Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003, na hospitalini dirisha la wazee limezoeleka. Getini bado. Kenya, ilipotangaza viwango vipya mwaka 2025, iliwaondolea kiingilio raia wake wenye miaka 70 na kuendelea. Marekani, aliyefikisha 62 hununua kadi ya kuingilia hifadhi maisha yake yote kwa dola 80, na askari wastaafu hupewa bure. Kwetu maveterani wa Vita vya Kagera hawahitaji hata kadi ya peke yao: aliyekwenda vitani 1978 akiwa na miaka 18 alitimiza 60, umri wa mzee, mwaka 2020. Kitambulisho cha NIDA kinatosha.

Ikifuta kiingilio kwa wazee, Serikali itapoteza nini? Chukua Noah yenye watu wazima sita, wawili kati yao wazee. Viingilio ni Sh35,400, na gari dogo la namba za Tanzania Sh23,600: jumla Sh59,000. Wasamehe wazee, zimepungua Sh11,800, Sh47,200 zinabaki. Familia ikiahirisha safari, hazina haipati kitu, wala mwenye Noah, wala mama lishe wa Mikumi mjini.

Ndiyo maana naunga mkono msamaha huu, ila peke yake hautoshi. Mzee wa Kihonda hakwami kwenye Sh5,900. Anakwama kwenye gari la kukodi na mafuta ya kwenda na kurudi zaidi ya kilomita 200. Kikundi cha vikoba au cha kanisa kikichangia Coaster, gharama inagawanyika. Lakini gari zito nalo lina ada kubwa zaidi getini. Hapo ndipo TANAPA, msimamizi wa hifadhi, ingeanzia: Coaster iliyojaa wazee isitozwe ada ya gari, walau siku za katikati ya wiki.