Makao ya Wazee ya Kaunti: Yafungwe, Yauzwe, au Yatengenezwe? Tuchunguze Kwanza

Katika mabaraza mengi husikika maneno haya: "Hiyo nyumba inakula pesa ya bure." Yakisemwa juu ya soko au ghala, huenda hasara ikawa ndogo. Lakini yakisemwa juu ya makao ya wazee, lazima tusimame kidogo tufikiri. Ndani ya nyumba hiyo kuna watu ambao hawana mahali pengine pa kulala. Wengine hawawezi kutembea, wengine hawakumbuki hata jina la kijiji chao. Ukifunga soko, mama atauza mboga kando ya barabara. Ukifunga makao, mzee ataenda wapi?

Hatusemi kwamba makao yasifungwe kamwe. Yako makao yaliyochakaa hata ni hatari kuishi ndani yake. Tunalosema ni kwamba uamuzi usifanywe kwa hasira ya siku moja au kwa sababu mtu fulani anatamani shamba lile. Uchunguzi uje kwanza, na uchunguzi wenyewe upangwe vizuri. Katika makala hii tutaeleza jinsi ya kuupanga, na jinsi kikundi chenu kinavyoweza kushiriki.

Wenzetu wa Marekani walipitia wapi?

Marekani serikali za kaunti zimeendesha makao ya wazee kwa miaka mingi sana. Katika karne ya 19 kaunti nyingi zilikuwa na nyumba za maskini. Humo waliwekwa pamoja wazee, wagonjwa, walemavu na wasio na kazi, na mara nyingi pamoja na shamba la kuwalisha. Mwaka 1935 ilipitishwa sheria kubwa ya malipo ya uzeeni, lakini mtu aliyeishi katika nyumba ya umma hakuruhusiwa kupata msaada wa pesa wa wazee maskini. Kwa hiyo wengi walihamia nyumba za watu binafsi, na biashara ya kutunza wazee ikaanza kukua.

Mwaka 1965 zikaanzishwa bima mbili za serikali. Ya kwanza, Medicare, ni ya wazee wote, lakini hulipia kukaa katika makao kwa muda mfupi tu baada ya hospitali, isizidi siku 100. Ya pili, Medicaid, ni ya watu wa mapato ya chini, na hiyo ndiyo hulipia zaidi ya nusu ya wazee wanaoishi katika makao huko. Sasa shida iko hapa: mara nyingi malipo ya Medicaid hayatoshi gharama ya kumtunza mzee. Makao ya binafsi hutafuta wanaolipa vizuri. Makao ya kaunti hupokea wale ambao wengine wamewakataa: maskini kabisa, wenye ugonjwa wa akili, wasio na jamaa. Pengo la pesa hujazwa na kodi ya wananchi wa kaunti.

Ndiyo sababu kaunti nyingi za Wisconsin, Pennsylvania na New York zimejiuliza kama ziendelee au ziuze. Mwaka 2013 kituo kimoja cha utafiti cha mji wa Rochester kilitoa ripoti juu ya makao ya kaunti katika jimbo zima la New York. Kilikuta kwamba mengi yalikuwa yakipoteza pesa, na kwamba kaunti kadhaa zilikuwa zimeshauza au zilikuwa mbioni kuuza. Lakini swali la nani atawapokea wale wanaokataliwa kwingine lilibaki pale pale. Hilo ndilo swali ambalo uchunguzi mzuri haulikwepi.

Na sisi je?

Kenya tuna kaunti 47 tangu mwaka 2013. Makao mengi ya wazee hapa kwetu yanaendeshwa na makanisa na mashirika, kama vile Nyumba ya Wazee ya Kasarani, na makao ya PCEA ya Thogoto. Lakini yapo pia ya serikali ya kaunti, kama Mji wa Huruma jijini Nairobi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Wakenya wenye miaka 60 na zaidi walikuwa karibu milioni 2.7. Wengi wao wanatunzwa nyumbani na watoto na wajukuu, na hivyo ndivyo tunavyopenda. Lakini vijana wamehamia mijini, mashamba yamegawanywa, na kuna nyumba ambamo nyanya amebaki peke yake.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata utunzaji unaofaa kutoka kwa jamaa zao na serikali. Angalieni vizuri: jamaa na serikali, wote wawili. Hakuna anayeweza kumsukumia mwenzake mzigo wote.

Hatua ya kwanza: Andikeni swali

Uchunguzi mwingi huharibika mwanzoni kwa sababu swali limeulizwa vibaya. "Tuuze makao au tusiuze?" ni swali baya. Lina majibu mawili tu, na anayeuliza kwa kawaida ameshachagua moja. Swali zuri ni kama hili: "Katika miaka 10 ijayo, wazee wa kaunti hii watahitaji utunzaji wa namna gani, na makao haya yatasaidiaje?" Hapo mlango uko wazi. Jibu laweza kuwa kuendelea kama sasa, kukarabati, kuendesha pamoja na shirika au kanisa, kukodisha, kuuza, kufunga pole pole, au kugeuza sehemu ya nyumba iwe kituo cha mchana ambapo wazee hula na kupimwa kisha hurudi kwao jioni.

Hatua ya pili: Chagueni watu wanaofaa

Kamati iwe na watu kama 7 au 9, si 30. Awepo afisa wa ustawi wa jamii, muuguzi, mtu anayejua hesabu, mwakilishi wa wafanyakazi, mtu wa jamaa ya mzee anayeishi pale, na watu wa vikundi. Mzee mmoja au wawili wa makao wawe ndani ya kamati yenyewe. Si kuitwa siku moja wapigwe picha, hapana. Wakae, waulize, wajibiwe.

Kila mwanakamati aseme mapema kama ana faida yoyote katika jambo hili. Anayetaka kununua kiwanja, au ambaye ndugu yake anauzia makao chakula, asikae katika kamati. Paka hapewi kazi ya kulinda maziwa.

Hatua ya tatu: Kusanyeni habari

Habari zinazohitajika ni za aina tano.

1. Wazee. Wako wangapi? Wana umri gani? Wangapi wanahitaji kulishwa, kuogeshwa, kugeuzwa kitandani? Wangapi wana jamaa wanaojulikana, na wangapi hawana mtu? Hapa ndipo mpaone moyo wa kazi yote.

2. Wafanyakazi. Usiku wanabaki wangapi? Mishahara inafika kwa wakati? Muuguzi mmoja akichoka, wazee wote wanaumia.

3. Nyumba na shamba. Paa, vyoo, maji, stima, njia ya kupita kiti cha magurudumu. Hati ya shamba iko wapi, na imeandikwa jina la nani? Msiliruke hili la hati.

4. Pesa. Hesabu za miaka mitatu hadi mitano. Mwaka mmoja hautoshi, maana huenda mwaka huo paa liling'olewa na upepo.

5. Mahitaji ya nje. Wazee wangapi vijijini wanahitaji nafasi na hawajaipata? Hospitali ya kaunti ina wazee wangapi waliopona lakini hawana pa kwenda?

Jinsi ya kusoma hesabu

Tuchukue mfano, si wa makao yoyote ya kweli. Tuseme makao yana vitanda 40, na wazee walioko ni 32. Mishahara, ulinzi, maji na stima ni shilingi 14,400,000 kwa mwaka. Gharama hizo hazipungui sana hata wazee wakiwa wachache. Chakula, dawa na sabuni ni shilingi 150,000 kwa kila mzee kwa mwaka, yaani 4,800,000 kwa wote. Jumla ni 19,200,000. Gawanya kwa wazee 32: kila mmoja anagharimu shilingi 600,000 kwa mwaka, au 50,000 kwa mwezi.

Mtu atasema, "Ni ghali sana, tufunge!" Lakini ngojeni. Vitanda vyote 40 vikijaa, jumla itakuwa 20,400,000, na kila mzee atagharimu 510,000, yaani 42,500 kwa mwezi. Kwa hiyo sehemu ya shida ni vitanda vitupu. Ulizeni kwa nini ni vitupu. Je, ni kwamba wazee hawapo? Au ni kwamba chifu na wauguzi wa vijijini hawajui jinsi ya kuwapeleka?

Tena, msidhani kwamba mkifunga mtaokoa zile 19,200,000 zote. Wale 32 watakula wapi? Wengine watalazwa hospitali ya kaunti, ambako kitanda hugharimu pia. Wengine watarudishwa kwa binti ambaye ataacha kibarua ili amtunze. Gharama haikuisha, imehamia kwa mtu asiye na bajeti. Uchunguzi mzuri unaandika na gharama hiyo.

Hatua ya nne: Wasikizeni wazee wenyewe

Mzee akiulizwa mbele ya msimamizi, atasema, "Tuko sawa, asanteni." Mumwulize faraghani, kwa lugha ya kwao, bila haraka. Msiulize tu kama chakula kinatosha. Muulize anaogopa nini, anapenda nini, angetaka kuishi wapi. Kwa yule asiyeweza kusema, muulize anayemwosha kila siku. Majina yasiandikwe katika ripoti.

Kuhamisha mzee dhaifu si kama kuhamisha mtoto wa shule. Amezoea kitanda chake, jirani yake, sauti ya anayemletea uji. Akipelekwa ghafla mahali pageni anaweza kuchanganyikiwa, akaacha kula, akaanguka. Marekani sheria inataka makao yanayofungwa yatoe taarifa ya maandishi siku 60 kabla, pamoja na mpango wa kila mkazi atakakoenda. Kamati yenu iandike mpango kama huo kwa kila njia inayopendekeza. Pasipo mpango wa mtu mmoja mmoja, pendekezo la kufunga lisipokewe.

Hatua ya tano: Pimeni kila njia kwa kipimo kimoja

Chora jedwali kwenye karatasi kubwa. Upande mmoja andika njia zote. Juu andika maswali: Wazee wa sasa watakuwa salama? Maskini asiye na kitu atapokelewa? Pesa zitatoka wapi kila mwaka? Wafanyakazi watafanywaje? Shamba litabaki la umma? Jibuni kila mraba.

Kama kuna pendekezo la kuuza au kukodisha, kumbukeni kwamba ahadi ya mdomo ni upepo. Idadi ya vitanda vya maskini, ada, na adhabu ya kuvunja ahadi viandikwe katika mkataba. Na shamba la umma huuzwa mara moja tu. Pesa yake ikiisha, hairudi.

Kikundi chenu kitafanya nini?

Kwanza, ombeni habari. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika asaidiwe na afisa kuliandika. Jibu latakiwa ndani ya siku 21. Ombi lenyewe halilipiwi, ila mnaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Wekeni nakala ya barua yenu yenye mhuri wa kupokelewa.

Pili, jueni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mwelekeo wa matumizi kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mwaka wa pesa huanza tarehe 1 Julai. Mkija kulia mwezi wa Juni, chungu kimeshapakuliwa.

Tatu, kila mwananchi anaruhusiwa kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Barua fupi yenye hoja tatu na sahihi za watu itasomwa kuliko kelele ya siku nzima.

Nne, ripoti ikimalizika isomwe katika baraza kwa lugha ya watu kabla ya uamuzi kupitishwa, si baada. Na kama miezi sita haitoshi kuimaliza, afadhali iongezwe miwili kuliko kukimbilia jibu. Wale walioko ndani ya makao hawataweza kuja kupiga makofi wala kupinga. Wanatutegemea sisi tulio na miguu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chetu kuna wazee wangapi wanaoishi peke yao? Nani huwatembelea?

2. Makao ya wazee yaliyo karibu nasi ni ya nani? Tunajua jinsi mtu anavyopokelewa?

3. Kama yangefungwa mwezi ujao, kikundi chetu kingeweza kusaidia wazee wangapi, na kwa njia gani?

4. Nani kati yetu anaweza kuandika barua ya kuomba hesabu, na ataipeleka lini?