Njia ya Chuma kwa Lugha Nne

Jijini Dar es Salaam, kutoka Posta ya Zamani hadi Stesheni ni mwendo mfupi wa miguu. Hapo ndipo inapoanzia reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Jirani yake kimechomoza kituo cha SGR, treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024. Kipande cha Dar es Salaam hadi Makutupora kilipewa kampuni ya Kituruki, Yapi Merkezi. Vichwa vya umeme vilitengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Kule Mwanza na Isaka wakandarasi ni Wachina.

Mjerumani huiita reli Eisenbahn, Mchina tielu, Mturuki demiryolu na Mkorea cheoldo. Ukiyafasiri maneno hayo neno kwa neno, yote manne yanakupa jambo moja: njia ya chuma. Kijana wa uhandisi anayeligundua hilo huanza kuona kwamba lugha ngeni ni kama mashine ngeni. Ukiifungua, ndani utakuta vyuma unavyovijua.

Tanzania iliwahi kulifanyia kazi kwa dhati jambo hili la kuunganisha lugha na uhandisi. TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Kabla haijakamilika, mwaka 1972, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, katika chuo kikuu ambacho leo kinaitwa Beijing Jiaotong. Walianza na Kichina. Baadaye ndipo wakaingia kwenye uhandisi wa njia, vichwa vya treni, mawasiliano na ishara, na mwaka 1975 wakahitimu, wakati reli yenyewe ilipokuwa inaanza kazi.

Huku nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Mafundi wa Kichina na vibarua wa Kitanzania hawakuwa na lugha moja ya kutosha, hivyo kazi nyingi ilifundishwa kwa vitendo: Mchina anafungua, anafunga, kijana anatazama, kisha anarudia. Njia hiyo ilifaa, na reli ikajengwa. Lakini mkono huonyesha namna ya kukaza nati. Hauelezi kwa nini ikazwe kiasi kile na si zaidi. Swali la "kwa nini" linahitaji maneno, na kwa mhandisi hilo ndilo swali la kila siku.

Anayetoka Posta kwenda Kariakoo hupita karibu na lango la Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro na Bibi Titi. Chuo hicho kilianza mwaka 1957 na kikapata sura yake ya sasa kwa sheria ya mwaka 1997. Mitaa michache mbele, katika maduka ya Kariakoo, zimepangwa inveta, kompresa na pampu kutoka China, na vijana wanaojua Kichina hupata riziki kwa kuwatafsiria wafanyabiashara. Wengi wao hawakusomea ufundi. Na wengi waliosomea ufundi hawajui Kichina. Umbali kati ya makundi haya mawili ni dakika chache za kutembea, na inauma kuona hayakutani.

Wanaotoa ufadhili wameshaliona pengo hilo. Mwanafunzi anayekwenda Japani kwa shahada ya kwanza kwa udhamini wa serikali ya nchi hiyo kwa kawaida husoma miaka mitano, wa kwanza ukiwa wa Kijapani. Korea Kusini nayo hutenga mwaka wa lugha, na mwanafunzi hana budi kufikia daraja la tatu la TOPIK, mtihani wa Kikorea, ndipo aendelee na masomo yake. Uturuki ina utaratibu kama huo. Ujerumani, tangu Juni 2024, inatoa kibali kiitwacho Chancenkarte kwa wageni wenye ujuzi wanaotaka kwenda kutafuta kazi: kwa upande wa lugha, Kijerumani cha ngazi ya mwanzo, A1, au Kiingereza cha ngazi ya B2 kinatosha kuomba. Kuelewana na msimamizi kwenye eneo la ujenzi ni habari nyingine kabisa.

Chuo Kikuu cha Rhode Island, Marekani, kilichagua njia nyingine mwaka 1987. Mwanafunzi husoma uhandisi na Kijerumani sambamba kwa miaka mitano, na mwaka mmoja kati ya hiyo huishi Ujerumani, sehemu akisoma, sehemu akifanya kazi kiwandani. Anatoka na shahada mbili. Hapa Dar es Salaam vifaa vya mpango wa namna hiyo vipo tayari: Goethe-Institut iko Upanga, Taasisi ya Confucius iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2013, na wanafunzi wa ufundi tayari huenda fildi. Kinachokosekana ni ratiba inayoviunganisha tangu mwaka wa kwanza.

Mahitaji nayo hayasubiri. Septemba 2024, Tanzania, Zambia na China zilitia saini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Kazi hiyo itamtaka mtu atakayesimama kwenye daraja akiwa na mchoro mkononi, amuulize Mchina kwa Kichina kwa nini nguzo ile iliwekwa pale, kisha ageuke amweleze fundi wa stesheni ya Mlimba kwa Kiswahili.