Mtoto Asiyerefuka: Jinsi VVU Vinavyodumaza Ukuaji na Namna ya Kuviwahi

Mtoto akidhoofu, mtaani majibu hayakosekani. Wapo watakaosema amebemendwa, kwamba wazazi wake hawakuvumilia kipindi cha kunyonyesha. Wengine watasema anaota meno, amepatwa na jicho la watu, au amefuata ukoo wa babu yake ambao wote ni wafupi. Kila jibu lina wiki zake: wiki za kuchemsha mizizi, wiki za kusubiri jino litokeze, wiki za kuzunguka kwa waganga. Mtoto mwenye virusi vya UKIMWI (VVU) hana wiki za kupoteza.

Uchambuzi wa tafiti kadhaa za Afrika uliochapishwa mwaka 2004 uliangalia watoto wa enzi ambayo dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijawafikia. Zaidi ya nusu ya walioambukizwa na mama zao walifariki kabla ya kutimiza miaka 2. Mara nyingi mwili hutoa taarifa kabla mambo hayajaharibika, na mojawapo ya taarifa za mwanzo ni ukuaji unaosuasua. Mtoto asipokua vizuri, kipimo cha VVU kiwe miongoni mwa mambo ya kwanza kufanywa, wala kisisubiri mpaka mengine yote yashindikane. Tena apimwe urefu, si uzito peke yake.

Mdogo bila kukonda

Mtoto mwenye afya huzaliwa akiwa na urefu wa sentimita 50 hivi. Akitimiza mwaka hukaribia sentimita 75, na uzito wake huwa mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Baada ya mwaka huo, binadamu hakui tena kwa kasi hiyo maishani mwake. Kwa hiyo lolote linaloubana mwili katika miezi hiyo huacha alama.

Mjini Kigali, Rwanda, kati ya mwaka 1988 na 1993, watafiti waliwafuatilia watoto wa akina mama wenye VVU pamoja na wa akina mama wasio na VVU. Udumavu ulijitokeza zaidi kwa watoto walioambukizwa, ilhali ukondefu haukuwa tatizo kubwa kwao. Uzito na urefu vikirudi nyuma kwa pamoja, mtoto huonekana mdogo lakini hakukonda. Jirani akimtazama haoni mbavu, anaona mtoto wa miezi sita tu. Kumbe ana mwaka mzima.

Hapo ndipo mizani peke yake inapotudanganya. Kliniki ya mama na mtoto hupima uzito kila mwezi, lakini ubao wa urefu mara nyingi hubaki umeegemezwa ukutani, ingawa kuutumia hakuhitaji utaalamu mkubwa. Mtoto wa chini ya miaka 2 huvuliwa viatu na kofia, hulazwa chali, na mtu mmoja hushika kichwa kiguse kibao cha juu. Mhudumu hunyoosha magoti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili husogeza kibao cha chini mpaka kiguse nyayo. Mtoto atalia, lakini kipimo kitakuwa kimepatikana.

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO), mvulana wa mwaka mmoja aliye chini ya sentimita 71, au msichana aliye chini ya sentimita 69, amedumaa. Viwango hivyo vya mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Marekani, Norway na Oman, na vilithibitisha kuwa watoto wadogo wanaolishwa na kutunzwa vizuri hukua kwa namna inayolingana, wawe wa taifa lolote. Hivyo ukoo wa wafupi usiwe sababu ya kufunga mjadala.

Kinachotokea mwilini

VVU hushambulia seli za kinga ziitwazo CD4, na nyingi kati ya seli hizo ziko kwenye utumbo. Zikiangamia, ukuta wa utumbo hudhoofika. Chakula hakifyonzwi ipasavyo, kuhara hukoma na kurudi, na vijidudu hupenya na kuingia kwenye damu. Kinga ya mwili hubaki ikipambana usiku na mchana, na mapambano hayo yasiyokoma hupunguza homoni zinazoiamuru mifupa irefuke.

Mdomoni nako hakuna nafuu. Fangasi hutanda ulimi na mashavu kwa utando mweupe, kumeza kukauma. Mtoto hushika ziwa, hunyonya kidogo, huachia na kulia. Akianza kula, vijiko viwili vya uji vinamtosha. Nimonia au kifua kikuu vikimpata, hata hicho kidogo alichokula huishia kwenye homa.

Hali hiyo humkuta mtoto wakati mahitaji yake yamepanda. Kwa mujibu wa WHO, mtoto mwenye VVU asiye na dalili anahitaji nishati zaidi kwa takriban asilimia 10 kuliko mwenzake. Akianza kupungua uzito, mahitaji hayo huongezeka kwa asilimia 50 hadi 100. Maana yake, mtoto ambaye sahani moja ingemtosha anaweza kuhitaji sahani mbili, katika siku ambazo kijiko cha tatu kinamshinda.

Ubongo nao hukua kwa kasi katika kipindi hicho, na virusi huufikia mapema. Ndiyo maana mtoto ambaye hajapata dawa anaweza kuchelewa kukaa, kutambaa na kutamka maneno, na kichwa chake kikawa kidogo kuliko kinavyotakiwa kwa umri wake. Mama naye akiwa mgonjwa, shamba au genge likakosa mtu, chakula cha nyumba nzima hupungua.

Ukuaji huanzia tumboni

Mwaka 1998, kabla dawa za kufubaza virusi hazijawafikia wajawazito wa Tanzania, yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa wajawazito 1,075 wenye VVU. Waliopewa vitamini za kundi B, C na E walipunguza kwa asilimia 44 uwezekano wa kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu. Vitamini hizo hazikuwa mbadala wa dawa, lakini matokeo yaliweka wazi kwamba lishe ya mama mwenye VVU ni sehemu ya lishe ya mtoto wake. Leo mjamzito hupimwa VVU anapohudhuria kliniki, na akikutwa navyo huanzishiwa dawa. Bila hatua yoyote, hatari ya mama kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua na kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Huduma ikitolewa ipasavyo, hatari hiyo hushuka chini ya asilimia 5.

Kipimo cha kisiginoni

Kipimo cha haraka anachofanyiwa mtu mzima hakiwezi kuthibitisha maambukizi kwa mtoto wa chini ya miezi 18, kwa sababu damu yake inaweza kuwa bado na kingamwili alizozipata kwa mama. Mtoto huhitaji kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe, na hufanywa akiwa na wiki 4 hadi 6. Mhudumu hukipasha kisigino joto, hukichoma kidogo pembeni, kisha hudondosha damu kwenye miduara iliyochorwa katika karatasi maalumu. Karatasi huachwa ikauke na kupelekwa maabara.

Majibu yafuatiliwe, yasiachwe kwenye faili. Vifo vya watoto walioambukizwa ambao hawajaanza dawa hufikia kilele wakiwa na miezi 2 hadi 3 tu. Majibu yakiwa mazuri, mtoto anayenyonya arudiwe kupimwa kwa ratiba ya kliniki hadi baada ya kuachishwa ziwa.

Dawa hurudisha nini

Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2008 ulilinganisha watoto wachanga wenye VVU walioanza dawa mara moja, kabla ya kutimiza wiki 12, na wale waliosubiri mpaka dalili au kipimo cha kinga kidai hivyo. Kuanza mapema kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Matokeo hayo yaliibadilisha miongozo ya matibabu duniani.

Kwa ukuaji, uzito ndio hurudi kwanza, ndani ya miezi michache ya matibabu. Urefu hurudi taratibu, na si wote wanaoufidia kikamilifu. Wanaoanza wakiwa wadogo, hasa kabla ya miaka 2, hupata nafuu kubwa kuliko wanaochelewa. Aliyekonda anaweza kunenepa hata akichelewa, bali sentimita zilizopotea utotoni ni ngumu kuzifidia.

Dawa zenyewe zimekuwa rahisi. Zamani mzazi alihangaika na sharubati chungu ambayo mtoto aliitema. Sasa kuna vidonge vya dolutegravir vya miligramu 10 vinavyoyeyuka kwenye maji, vyenye ladha ya matunda, vinavyomfaa mtoto kuanzia wiki 4 mwenye kilo 3 au zaidi. Kiwango cha dawa hutegemea uzito, hivyo mtoto anayekua akiendelea na dozi ya zamani anapata dawa pungufu. Apimwe uzito kila anapokuja kuchukua dawa.

Kuhusu ziwa la mama, mwongozo uko wazi. Mama anayetumia dawa zake bila kuruka amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee kwa miezi 6, bila maji wala uji. Baada ya hapo amwanzishie vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonyesha mpaka angalau mwaka mmoja, na anaweza kufika miaka 2 au zaidi. Kuchanganya maziwa na vyakula vingine katika miezi ya mwanzo huongeza hatari.

Mtoto wa mama mwenye VVU ambaye mwenyewe hakuambukizwa naye asisahaulike. Tafiti zimeonyesha kuwa baadhi yao hukua taratibu kidogo kuliko wenzao, hivyo kadi yake nayo ifuatiliwe kwa makini.

Pengo lililobaki

Kwa takwimu za mwaka 2023 za UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia UKIMWI, watoto milioni 1.4 duniani wa chini ya miaka 15 walikuwa wanaishi na VVU. Waliokuwa kwenye dawa ni asilimia 57, wakati kwa watu wazima ni asilimia 77. Tarehe 1 Februari 2023, nchi 12 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ziliahidi jijini Dar es Salaam kutokomeza UKIMWI kwa watoto ifikapo mwaka 2030. Ahadi hiyo itatimia katika vituo vya afya, ambako mtoto hupimwa, majibu hurudi na dawa hutolewa.

Ni kweli kwamba udumavu una sababu nyingi. Nchini Tanzania, utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na walio wengi hawana VVU. Kwa hiyo kumpima mtoto si kumtuhumu mama. Ni kuondoa shaka moja ili tiba ielekezwe panapostahili.

Mzazi, kama mwanao haongezeki kwa miezi miwili mfululizo, mpeleke kituo cha afya na uulize: urefu wake ni sentimita ngapi, amepimwa VVU, na majibu yako wapi? Baba aende pamoja na mama. Bibi asiwazuie kwa kusema ni meno. Mhudumu wa afya, shusha ubao huo kutoka ukutani. Katika vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure, na mtoto anayewahiwa anaweza kukua, kusoma na kuishi miaka mingi kama wenzake.