Wajenzi Kabla ya Kuwa Walinzi: Seli za Kinga katika Mapafu ya Mtoto Aliye Tumboni

Wauguzi na madaktari wa wodi za watoto njiti wanalifahamu jambo moja lenye kutatanisha. Mama hufika akiwa na homa, maji ya uzazi yamekuwa yakivuja na yanatoa harufu mbaya, kisha hujifungua kabla ya wakati. Mtu angetarajia mtoto huyo apumue kwa shida kuliko njiti wenzake. Mara nyingine huwa kinyume: siku za mwanzo hupumua vema. Wiki kadhaa baadaye, wenzake wameshaachishwa oksijeni, yeye bado anaihitaji. Mwaka 1996 Kristi Watterberg na wenzake wa Marekani waliandika kuhusu hali hiyo: miongoni mwa njiti waliosaidiwa kupumua kwa mashine, wale ambao mfuko wao wa uzazi ulikuwa na maambukizi walipata kwa uchache ugonjwa wa mapafu machanga, lakini kwa wingi ugonjwa sugu wa mapafu.

Maelezo ya fumbo hili, kwa sehemu kubwa, yamo katika seli ambazo tumezoea kuwafundisha wanafunzi wetu kuwa ni askari tu.

Mwaka 1882, huko Messina nchini Italia, Ilya Metchnikoff alimchoma kwa mwiba lava wa kiti cha pwani akaona seli zikikusanyika kuuzunguka ule mwiba. Ugunduzi huo ulichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908, na seli kubwa za aina hiyo zikaitwa makrofaji, yaani walaji wakubwa. Jina hilo, kwa maoni yangu, limetufunga macho kwa muda mrefu. Makrofaji huingia katika mapafu ya mtoto tangu wiki za mwanzo za mimba, kwanza zikitoka katika mfuko wa kiini, baadaye katika ini lake. Wakati huo, mimba ikiwa salama, hakuna adui wa kupigana naye. Zinafanya nini huko?

Zinajenga. Huondoa mabaki ya seli zilizokufa, na hutoa vichocheo vya ukuaji, yaani kemikali zinazoziambia seli jirani zigawanyike, zisogee au zikomae. Mwaka 2023 watafiti wa Uingereza, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha London na Taasisi ya Sanger, walichapisha uchunguzi wa mapafu ya binadamu kuanzia wiki ya 5 hadi ya 22 baada ya kutungwa mimba. Waliona seli za kinga zikiwa karibu na ncha za matawi ya njia za hewa, mahali zinapokaa seli shina. Baadhi yake hutoa kemikali iitwayo intalukini-1 beta. Seli shina zikiipokea huacha kujizidisha na kuanza kukomaa kuwa seli kamili za njia ya hewa.

Hapa ndipo msomaji aliye mhudumu wa afya atashtuka kidogo, kwa kuwa intalukini-1 beta anaijua kwa sura nyingine. Ndiyo inayosaidia kupandisha homa na kuwasha inflamesheni, ule mwitikio wa mwili unaoleta joto, wekundu na uvimbe unapopambana na vijidudu. Kemikali ni ile ile. Kinachobadilika ni kiasi chake na wakati wake.

Maambukizi yanapoingia katika maji ya uzazi, seli hizi huacha ujenzi na kushika silaha. Kemikali inayodondoka kwa matone sasa humwagika. Katika majaribio ya kondoo, kuitia intalukini-1 katika maji ya uzazi kuliharakisha utengenezaji wa safaktanti, ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa kusinyaa. Ndiyo sababu mtoto aweza kupumua vema siku za mwanzo. Lakini katika panya, intalukini-1 beta ilipozidi mapafuni kabla na baada ya kuzaliwa, vifuko vya hewa vilikuwa vichache na vikubwa kupita kiasi. Ni kama nyumba iliyoezekwa haraka kabla vyumba havijagawanywa. Mtu mzima ana wastani wa vifuko milioni 480, na kwa binadamu vifuko halisi huanza kufanyika kwa wingi karibu na wiki ya 36. Aliyezaliwa wiki ya 28 bado ana karibu kazi yote hiyo mbele yake, na huifanya akiwa nje, penye oksijeni nyingi, mashine na vijidudu, ambavyo vyote huweza kuziamsha seli zile zile.

Kwa hiyo mama mjamzito anayeona maji yakivuja, homa, au uchafu wenye harufu asisubiri kliniki ijayo. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Kwa wenzangu kazini: utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2020, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa deksamethasoni kwa mama aliye katika hatari ya kujifungua kabla ya wakati hupunguza vifo vya watoto wachanga. Lakini shirika hilo linataka umri wa mimba ujulikane kwa uhakika na pasiwe na dalili za maambukizi kwa mama. Sharti hilo la pili husahaulika upesi zamu ikiwa na watu wengi. Wodini, kwa mtoto wa chini ya wiki 32 anayepewa oksijeni, kipimo kikae kati ya asilimia 88 na 95. Kuongeza hewa ili kipimo kisome 100 humfurahisha mzazi anayetazama, lakini humdhuru mtoto.

Wazazi huniuliza kama mapafu ya namna hiyo yatapona. Vifuko vipya huendelea kufanyika miaka kadhaa baada ya kuzaliwa, na watoto wengi huachana na oksijeni kabisa. Wanaporudi nyumbani huhitaji maziwa ya mama, chanjo kwa tarehe zake, na chumba kisichofikiwa na moshi wa jiko la mkaa, kuni wala sigara.