Matarishi watatu, marathoni moja: Walibeba barua za watu, wakaambulia patupu

ST. LOUIS, Marekani. Jumanne ya Agosti 30, 1904, saa tisa alasiri. Joto linagonga nyuzi 32, na wanaume 32 wamejipanga mstarini wakisubiri bastola ilie ili marathoni ya Olimpiki ianze.

Wengi wametinga kimichezo. Ila kuna jamaa mmoja mfupi kutoka Cuba amevaa shati la mikono mirefu, suruali ya kitambaa, viatu vizito vya kutembelea mjini na bereti kichwani. Ukimwangalia harakaharaka unaweza kudhani alikuwa anakwenda kazini akapotea njia.

Na hutakuwa mbali sana na ukweli. Huyo ni Felix Carvajal, na kazi yake kule Havana ilikuwa kupeleka barua.

Kwenye mstari huohuo walikuwepo vijana wawili Waafrika, Len Taunyane na Jan Mashiani, Watswana kutoka Afrika Kusini. Nao wanatajwa kuwa walikuwa wakimbiaji wa kupeleka ujumbe katika Vita ya Makaburu, iliyomalizika miaka miwili tu kabla ya hapo.

Kwa hiyo marathoni ile ilikuwa na matarishi watatu. Kilichowapata siku hiyo, na baada ya siku hiyo, kinafanana sana na kilichowapata wabeba barua wengi waliowatangulia. Miguu yao ilisifiwa, lakini ulipofika wakati wa malipo hakuna aliyewakumbuka.

MBIO ZILIANZIA KAZINI

Kama hujui, mbio zenyewe za marathoni zimetokana na hadithi ya tarishi. Mwaka 490 kabla ya Kristo, jeshi la Uajemi lilipotua pwani ya Marathon nchini Ugiriki, watu wa Athens walimtuma Pheidippides kwenda Sparta kuomba msaada. Mwanahistoria Herodotus anasema jamaa huyo alikuwa mkimbiaji wa kupeleka ujumbe kwa kazi, na kwamba aliondoka Athens akafika Sparta siku ya pili yake.

Kati ya miji hiyo kuna kama kilomita 240, tena za milima. Ni sawa na kukimbia zaidi ya marathoni tano na nusu bila kulala. Na baada ya shughuli pevu yote hiyo, Wasparta wakamjibu kwamba sheria yao haiwaruhusu kutoka mpaka mwezi uwe mpevu. Akarudi na jibu hilohilo.

Ile hadithi maarufu ya mtu aliyekimbia kutoka Marathon hadi Athens, akatangaza ushindi kisha akaanguka na kufa, iliandikwa na waandishi wa baadaye sana. Lakini ndiyo iliyowavutia waanzilishi wa Olimpiki ya kisasa mwaka 1896, wakaigeuza kuwa mbio.

Mbio za kupokezana vijiti nazo zina ndugu yake wa zamani. Kule Amerika Kusini, kwenye dola ya Inka, kulikuwa na vijana walioitwa chaski. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha barabara. Anakimbia kwa nguvu zote, akikaribia kituo kinachofuata anapuliza kome ili mwenzake ajiandae, halafu wanakimbia sambamba kidogo huku akimkabidhi ujumbe.

Wainka hawakuwa na maandishi kama haya ya kwetu. Taarifa zilibebwa kichwani na kwenye kamba zenye mafundo zilizoitwa kipu, ambazo rangi na fundo lake vilikuwa na maana. Kwa mtindo huo wa kupokezana, habari iliweza kuvuka zaidi ya kilomita 200 za milima ya Andes kwa siku moja, bila farasi wala gurudumu.

MIAKA 20 BILA MSHAHARA

Ukitaka kuona jinsi mtu anavyoweza kuwa staa na bado akadhulumiwa, njoo California.

Mwaka 1855 watu wa upande wa pili wa milima ya Sierra Nevada walikuwa wakikatika na dunia kila msimu wa baridi. Theluji ikishuka, barua hazipiti. Farasi anazama, gari la nyumbu linakwama. Wengi waliojaribu kuvuka walirudi njiani.

Ndipo akajitokeza John Thompson, mkulima aliyezaliwa Norway mwaka 1827 na kuhamia Marekani akiwa mtoto wa miaka 10. Kwao Norway alikuwa ameona watu wakiteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu walizofunga miguuni. Akachonga za kwake, kila moja na urefu wa karibu mita tatu, na Januari 1856 akaondoka Placerville na mkoba wa barua mgongoni.

Waliomwona walidhani anakwenda kufa. Siku tatu baadaye akatokea upande wa pili, kwenye bonde la Carson, baada ya kukata kilomita 145 hivi. Kurudi akatumia siku mbili tu.

Thompson hakubeba blanketi wala bunduki. Chakula chake kilikuwa nyama kavu na biskuti, na kiu yake aliikata kwa kula theluji. Mzigo wake ulifika hadi kilo 45, kwa sababu mbali na barua watu walimtuma dawa, vitabu, hata sufuria. Wakambatiza jina la Snowshoe, yaani Viatu vya Theluji.

Desemba mwaka huohuo alimkuta mtu aitwaye James Sisson kwenye kibanda, miguu imeganda na anasubiri kufa. Thompson akateleza usiku hadi Genoa kuita watu, wakamleta mgonjwa. Daktari akasema miguu lazima ikatwe ila hana dawa ya usingizi. Thompson akavaa mbao zake tena, akavuka milima yote hadi California kuitafuta, akairudisha. Sisson akapona.

Aliifanya kazi hiyo kwa misimu 20. Leo wapenzi wa michezo ya theluji huko California wanamhesabu kama baba yao. Lakini posta ya Marekani haikumlipa hata senti. Alisafiri mwenyewe hadi Washington kudai haki yake, akapewa maneno matamu na kurudi mikono mitupu. Alifariki dunia Mei 1876 akiwa na miaka 49, deni likiwa palepale.

CARVAJAL NA SURUALI YAKE

Turudi kwa Mcuba wetu. Mwaka 1904 Cuba ilikuwa na miaka miwili tu tangu ijitawale, na haikuwa na fungu la kupeleka mtu Olimpiki. Carvajal akajichangishia mwenyewe, akikimbia hadharani na kuomba wananchi wampe chochote.

Fedha ikapatikana, akapanda meli hadi New Orleans. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Inasimuliwa kwamba aliingia kwenye mchezo wa dadu na kupoteza kila kitu. Kutoka pale hadi St. Louis ni zaidi ya kilomita 1,000, na jamaa alizimaliza kwa kutembea na kuomba lifti.

Alifika hana vifaa, amechoka na ana njaa. Mrusha kisahani Martin Sheridan alipomwona na ile suruali alimwonea huruma, akatafuta mkasi na kuikata magotini ili angalau ifanane na kaptura.

Taunyane na Mashiani nao hawakuletwa Marekani kwa ajili ya Olimpiki. Michezo ile ilifanyika pamoja na Maonyesho ya Dunia, na wao walikuwa sehemu ya onyesho lililoigiza Vita ya Makaburu mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Wakajiandikisha kukimbia, na kwa kufanya hivyo wakawa Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Olimpiki.

VUMBI, MBWA NA MATUFAHA

Marathoni yenyewe ilikuwa vurugu tupu. Njia ya kilomita 40 ilipita kwenye vilima na barabara za vumbi, na magari ya waamuzi na waandishi yalitangulia mbele na kuwatimulia wakimbiaji vumbi lote. Sehemu za kunywa maji zilikuwa chache mno. Mkimbiaji mmoja, William Garcia, alikutwa amelala kando ya njia akitapika damu kutokana na vumbi alilomeza.

Fred Lorz alibanwa na misuli akapanda gari. Alipoona nafuu akashuka, akakimbia hadi uwanjani na kushangiliwa kama bingwa, kabla ya kuumbuliwa na kuondolewa. Thomas Hicks, aliyetangazwa mshindi, alifika akiwa nusu mfu baada ya watu wake kumnywesha striknini iliyochanganywa na ute wa yai, na brandi juu yake. Striknini ni sumu ya kuulia panya. Muda wake wa saa 3:28:53 hadi leo ndio wa taratibu kuliko wa bingwa yeyote wa marathoni ya Olimpiki.

Katikati ya hayo yote, Carvajal alikuwa anakimbia kama yuko kwenye zamu yake ya kugawa barua. Anasimama kupiga stori na watazamaji kwa Kiingereza cha kuungaunga, anacheka, kisha anaendelea. Njaa ilipozidi akakatiza kwenye shamba la matufaha, akala. Inaelezwa hayakuwa mazima. Tumbo likamsokota, ikabidi alale chini kwanza ndipo aendelee.

Taunyane alikuwa anakwenda vizuri mpaka mbwa walipomtoa nduki nje ya njia, karibu kilomita moja na nusu. Akarudi, akaendelea.

Kati ya wale 32, waliomaliza ni 14 tu. Na hapa ndipo utajua thamani ya kazi ya kupeleka ujumbe kwa miguu: matarishi wote watatu walimaliza. Carvajal wa nne, Taunyane wa tisa, Mashiani wa 12. Waliokuwa na klabu na wasaidizi wengi waliachia njiani, ila waliozoea kufikisha mzigo walifika.

BAADA YA HAPO

Olimpiki ya 1904 ndiyo ya kwanza kugawa medali za dhahabu, fedha na shaba kwa watatu wa juu. Nafasi ya nne haikuwa na kitu. Ukifikiria tumbo, safari na kulala chini, Carvajal aliikosa medali kwa mambo ambayo sahani moja ya chakula ingeyamaliza.

Mwaka 1906 alijaribu tena, akatumwa kwenda kwenye michezo ya Athens. Alishukia Italia akapotea kabisa, hadi magazeti ya Cuba yakaandika kwamba amekufa. Siku moja akashuka melini Havana, mzima wa afya. Aliendelea kukimbia miaka mingi, lakini hakutajirika. Alifariki dunia mwaka 1949 akiwa maskini.

Kwa Taunyane na Mashiani ilikuwa mbaya zaidi, maana hata utambulisho wao haukuandikwa sawasawa. Kwa miaka mingi vitabu viliwaita Wazulu, na majina yao yalipindwapindwa. Afrika Kusini ilipoanza kupeleka timu rasmi mwaka 1908, ilichagua wazungu peke yao. Ubaguzi huo uliendelea mpaka dunia ilipoifungia nchi hiyo nje ya Olimpiki, ikarudi mwaka 1992 ikiwa na timu ya watu wa rangi zote.

Miaka minne baadaye, huko Atlanta, Josia Thugwane, mfanyakazi wa mgodi wa makaa ya mawe, alishinda marathoni kwa saa 2:12:36 na kuwa mwanamichezo wa kwanza mweusi wa Afrika Kusini kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Ilikuwa nchi ileile ya Marekani na mbio zilezile, miaka 92 tangu wale Watswana wawili wavuke mstari St. Louis.

Thugwane, tofauti na wao, alisimamishwa jukwaani, akavishwa medali na kupigiwa wimbo wa taifa lake. Kule Genoa, kwenye kaburi la Thompson, zimechongwa mbao mbili za theluji zilizopishana. Barua zote alizopewa kuvusha zilifika. Dai lake la mshahara ndilo ambalo halikujibiwa.