MTO TANA UKIFURIKA: NAMNA YA KULINDA NYUMBA NA MIFUGO

Mgeni afikaye Garissa huona nchi kavu yenye miti ya miiba, na ni vigumu kumsadikisha kwamba wenyeji wake huogopa maji. Mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 400. Lakini maji ya mto Tana si ya Garissa. Hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakapita katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo yateremkapo nchi tambarare. Kwa hiyo mto waweza kufurika huku mbingu ya Garissa haina hata wingu, na jambo hilo limewaponza wengi waliotazama mbingu ya kwao tu. Afadhali kusikiliza redio. Ikitangazwa kwamba bwawa la Masinga limejaa na maji yanamwagika, maji hayo huchukua muda kabla ya kufika chini. Na muda huo ndio wa kuhama.

Mafuriko makubwa yalitokea mwaka 1961, tena 1997, tena mwishoni mwa 2023 na Aprili 2024. Katika hayo ya 2024 barabara ya Nairobi ilifunikwa na maji upande wa Madogo, watu wakavushwa kwa mashua, na mashua moja iliyojaa abiria ikapinduka, wengine wakafa. Safari yoyote yaweza kungoja.

Wafugaji wana nafuu kidogo, kwa kuwa nyumba yao ya matawi na mikeka hufunguliwa ikapakiwa juu ya ngamia. Lililo muhimu ni mahali pa kuijenga tena. Haifai kupiga kambi ndani ya korongo kavu, hata kama mchanga wake ni laini na kuna kivuli, maana maji ya mvua iliyonyesha mbali huja usiku kwa nguvu. Mkulima wa ukingoni ana shida zaidi. Shamba lake liko pale kwa sababu ya tope jema liletwalo na mafuriko yenyewe, na hapendi kuliacha. Basi kwanza aipandishe juu mashine ya kuvuta maji, kisha mbegu na vyakula. Maji ya kunywa yachemshwe, kwa maana vyoo vilivyofurika huchafua mto na visima pia.

Hata hivyo hatari kubwa huja wakati watu wanaposhukuru kwamba mvua imekwisha na majani yamekuwa mengi. Wako mbu watagao mayai katika udongo wa mabondeni, na mayai hayo hukaa makavu kwa miaka mingi bila kufa. Maji yakituama juu yake, mbu huzuka kwa wingi sana, na baadhi yao huzaliwa wakiwa tayari na ugonjwa uitwao homa ya Bonde la Ufa. Ndio ulioenea Garissa mwishoni mwa 1997 na tena mwishoni mwa 2006, ukaua watu na mifugo.

Dalili yake huonekana kwanza zizini: kondoo, mbuzi na ngamia hutupa mimba wengi kwa mara moja, na wana-kondoo hufa. Aonaye hivyo asimchinje mnyama mgonjwa ili kuokoa nyama, ingawa ni uchungu kuona mali inapotea. Damu ndiyo ibebayo ugonjwa, na mchinjaji huambukizwa kabla ya mlaji. Mimba iliyotupwa isishikwe kwa mikono mitupu, bali izikwe chini sana. Maziwa yachemshwe, hata kama wazee wamezoea kuyanywa mabichi. Watu walale ndani ya chandarua, na afisa wa mifugo apewe habari siku ile ile.

Chanjo ya mifugo ipo, lakini wakati wake ni kabla ya mbu kuzuka, yaani mara itangazwapo kwamba mvua kubwa zatazamiwa. Ugonjwa ukiisha kuingia zizini, kuchanja huweza kuleta madhara, kwa kuwa sindano ile ile ikitumiwa kwa wanyama wengi huuchukua ugonjwa kutoka kwa mgonjwa na kuutia kwa mzima.