Je, Wajua? Gitaa la Tony Rice

Je, wajua ya kuwa Tony Rice, mzaliwa wa Danville, Virginia, ambaye mabingwa wa muziki wa bluegrass nchini Marekani wangali wakimtaja kwa taadhima, alipata umaarufu wake kwa chombo cha mpiga gitaa marehemu Clarence White? Gitaa hilo la Martin D-28, lililoundwa mwaka 1935, na ambalo tundu lake la sauti lilikwisha kupanuliwa kupita kadiri ya kawaida, Rice aliliona angali mtoto. Na White alipofariki kwa kugongwa na gari mwaka 1973, akalitafuta hata akalinunua, mwaka 1975, kwa dola 550. Tufani ya mwaka 1993 iliyofurika Florida ililizamisha majini, likaopolewa, likakaushwa, likatengenezwa, na sauti yake, alhamdulillahi, ikasalimika.

Koo lake Rice halikujaliwa hivyo, kwani mwaka 1994 maradhi yalimkatiza kuimba. Lakini santuri yake ya Manzanita, ya mwaka 1979, ambamo banjo, nguzo ya muziki wa bluegrass, haisikiki kabisa, kwa rai yangu ni shahada tosha ya ustadi wa mkono wake wa kulia.